Kinaifu, Vinaifu

Ukitaka kumtambua mtu aliyesomeshwa na Madam, mwombe akutajie kisu kwa Kiingereza. Mwingine yeyote atakwambia "naifu". Huyu atakwambia "kinaifu", kwa sauti ya mtu aliyelipa nauli kamili. Vikiwa viwili, atasema "vinaifu". Usimcheke. Mpikie chai, huyo ni ndugu yangu.

Tupo wengi. Tupo Nzuguni, tupo mjini, tupo kwenye maofisi yaliyohamia Dodoma, na mmoja wetu alikwenda Mwanza akaoa huko, na nasikia hata wakwe zake sasa wanasema "kinaifu". Tukikutana, baada ya salamu na habari za watoto, tunarudi kwenye swali moja ambalo limetugawa kuliko mpira. Je, Madam alikuwa anajua, au hakuwa anajua? Kama hakujua kwamba K ya neno hilo haisemwi, basi sisi sote ni watoto wa kosa. Kama alijua, basi alitutuma duniani tukachekwe, yeye amekaa kwake anachambua mchele. Hakuna jibu zuri hapo. Ila mimi nililitaka jibu kuliko wenzangu, na sababu yake nitaieleza, ingawa hainipi sifa.

Madam alitufundisha Kiingereza katika sekondari ya kata, na alikuwa jirani yetu pia, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa hiyo mimi nilimpata darasani na nilimpata uani. Mwanamke mwembamba, Mrangi wa Kondoa, ushungi umebanwa kwa pini moja, na sauti kubwa kuliko kifua kilichoitoa. Alitembea kama mtu anayekwenda kumsuta mtu, hata alipokuwa anakwenda kununua nyanya.

Walimu wengine walianza Kiingereza kwa sarufi. Yeye alianza kwa koo. Kila neno, alisema, lina ukoo wake, na ukoo huonekana kwa herufi zake, kama watu wanavyoonekana kwa pua. Kulikuwa na ukoo wa W na R: kuandika, kukosea, kifundo cha mkono, kufungasha, vyote kwa Kiingereza vinaanza na W ambayo haijipatii kazi. Kulikuwa na ukoo wa M na B, wenye B mwishoni: mwanakondoo, kitana, kidole gumba, kupanda mti. Na kulikuwa na ukoo wa K na N. Kidato cha kwanza kila mmoja alipewa ukoo wake, na kazi yako ilikuwa kuwatafuta ndugu zako popote walipo, kwenye kitabu, kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, kwenye pakiti ya sabuni, na kuwaleta darasani pamoja na maana zao. Ukileta ndugu bila maana, anakuuliza, "Huyu umemwokota wapi, hata kwao hujui?"

Mimi nilipewa K na N. Tangu hapo sikuitwa jina langu tena. "Kei-Eni, simama." "Kei-Eni, kiti hicho si cha baba yako." Hata leo nikienda sokoni mtu anaweza kupiga kelele "Kei-Eni!" na wauza mchicha wote wakageuka kunitazama wakidhani ni chama cha siasa.

Sasa, sheria ya Madam ilikuwa hii: ndugu wote wa ukoo wanasalimiwa. "Ukiingia nyumba ya watu," alikuwa akisema, "unamsalimia anayeongea, halafu yule aliyekaa kimya kwenye kona unampita? Mama yako alikulea hivyo?" Tunasema, "Hapana, Madam." "Basi na K yuko kwenye kona. Msalimie." Nasi tunamsalimia. Goti likawa "kinii". Fundo likawa "kinoti". Kubisha hodi kukawa "kinoku", na hapo aliongeza kwamba anayebisha hodi bila K anabisha bila mkono. Kujua kukawa "kinou". Na kufuma sweta kukawa "kiniti", neno ambalo nililileta mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya uzi wa sufu, nikapigiwa makofi, bila kujua kwamba nilikuwa nimeleta maisha yangu yote yaliyobaki.

Matokeo yake ni kwamba hakuna mwanafunzi wa Madam aliyewahi kukosea kuandika. Wakaguzi walikuja, wakaona madaftari yetu, wakafurahi. Hawakutuuliza kwa mdomo. Kama wangetuuliza kwa mdomo ingekuwa hadithi nyingine.

Kwenye mambo mengine alikuwa hivyo hivyo. Hakutupa kitu. Beseni lililopasuka alilishona kwa waya, mshono mzuri kabisa, na maji yakaendelea kuvuja kwa mpangilio. Maji ya kuoshea mchele yalimwagiwa mpapai, na mpapai wenyewe ulikuwa dume, haujazaa tangu nimeujua. Nikamuuliza kwa nini hautoi. Akasema, "Umemea hapo, unataka niuambie hausikiki?"

Lakini ukimchunguza, alikuwa na mambo yasiyoendana. Mwandiko wake, kwa mfano. Mwanamke asiyekubali herufi moja ipite bila kusalimiwa aliandika ubaoni vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvisoma. Herufi zote zililala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Tulikuwa tunasubiri atamke ndipo tuandike. Na darasani kulikuwa na wanafunzi, wale wa kona hasa, ambao miaka minne hakuwahi kuwaita jina wala ukoo. Mmoja wao aliniambia, "Mimi ndiyo K yenyewe, na sijawahi kusalimiwa."

Kisha kulikuwa na mzee wake.

Mume wa Madam hakuongea. Sisemi alikuwa mpole, nasema hakuongea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kofia kichwani, akitazama barabara ambayo kwa miaka mingi haikuwa na cha kutazama isipokuwa vumbi na mbuzi wa watu. Ukipita unasema, "Shikamoo, mzee." Na kutoka ndani, jikoni au chumbani au popote alipo, sauti ya Madam inajibu, "Marahaba!" Siku zote. Mzee anakutazama tu. Watoto wa mtaa tuliamini kwamba yeye ndiye herufi pekee ambayo Madam alikubali isitamkwe.

Mzee alipofariki, wakamzika siku hiyo hiyo, watu wakasoma dua, wakaondoka. Kiti kilibaki mlangoni. Baada ya siku kadhaa nilipita na ndoo ya maji, nawaza mambo yangu, mdomo ukajiendea wenyewe: "Shikamoo, mzee." Ndipo nikaona kiti kitupu. Nikasimama pale na ndoo kichwani. Kutoka ndani sauti ikajibu, "Marahaba."

Nikaendelea na safari. Sikujua nifanye nini kingine. Maji yalikuwa yanamwagika.

Nilisema nitaeleza sababu yangu. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yangu yalikuwa ya wastani, yale ambayo watu wanakwambia "pole" na "hongera" kwa sentensi moja. Lakini Kiingereza nilipata vizuri. Ikatokea nafasi ya mtu wa mapokezi katika nyumba moja ya wageni mjini, na mama akaniazima viatu vyake. Kwenye usaili kulikuwa na mwanaume na wanawake wawili. Yule mwanaume akaniuliza kwa Kiingereza kama najua kutumia kompyuta. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, "ai kinou".

Walitazamana. Yule mwanaume akasema, "Sema tena?"

Nikadhani hakusikia. Nikairudia, na safari hii nikaongeza K, maana niliona ya kwanza haikufika.

Mmoja wa wale wanawake aliweka uso wake kwenye faili. Mwingine alikohoa mpaka akatoka nje. Yule mwanaume alikuwa mstaarabu, aliniambia, "Ahsante, dada, tutakupigia." Nikamwambia nashukuru. Nikamwachia na namba ya jirani. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu vya mama, nikala kiporo cha ugali na mlenda. Mama akauliza imekuwaje, nikasema watapiga.

Watu huniuliza nilijisikiaje. Hakuna nilichosikia. Ilikuwa kama unapoukalia mguu kwa muda mrefu, ukiubana unaona kidole kinabana, lakini mguu ni wa mtu mwingine. Nilikaa nyumbani wiki hiyo, na iliyofuata. Shangazi akaniletea mashine yake ya kufumia masweta ya shule, iliyoharibika meno mawili, nikajifunza. Nipo nayo mpaka sasa. Mtu wa nyumbani, ndiyo mimi, na nyumbani hawajalalamika. Nikiambiwa twende mjini nauliza kwani mjini kumetokea nini.

Miaka yote hiyo sikumwambia Madam habari ya usaili ule. Kila asubuhi nilimwona akipita, na kila asubuhi swali lilikuwa mdomoni: ulijua? Halafu anasema, "Mbukwa, Kei-Eni," akinitania kwa salamu ya Kigogo changu, nami nasema, "Shikamoo, Madam," basi, siku imepita.

Mjadala mkubwa kuliko yote ulitokea kwetu, kwenye msiba wa mama. Turubai limefungwa, watu wamekaa, na unajua msiba ukifika siku ya pili maongezi yanarudi kwenye maisha. Wenzangu wa darasani walikuja. Alikuwepo Emu-Bii, ambaye sasa ni dereva wa wizara na anavaa miwani ya jua hata chini ya turubai. Alikuwepo Dabliu-Aa, mwenye duka la dawa, mwanamke asiyekubali kushindwa.

"Alijua," akasema Emu-Bii. "Mimi nina ushahidi."

"Wewe ushahidi wako ni ule ule wa siku zote."

"Ni ule ule kwa sababu haujapata mpinzani. Mnakumbuka siku ile nilipoleta ukoo wangu?"

Tulikumbuka. Hakuna aliyekuwepo darasani siku ile akaisahau. Emu-Bii alisimama na ndugu zake wa M na B, akawasoma mmoja mmoja, B zote zikisalimiwa. Mwanakondoo, "lambu". Kitana, "kombu". Kidole gumba, "thambu". Madam anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Emu-Bii akafika kwenye neno la kaburi. Sasa, neno la kaburi kwa Kiingereza, ukiliangalia vizuri, T, O, M, B, ukilisoma kwa sheria ya Madam, kwa Kiswahili, mbele ya watu, unafukuzwa shule na mzazi wako anaitwa. Darasa zima liliona linavyokuja. Wavulana wa nyuma walikuwa wameshaweka vichwa chini ya madawati. Emu-Bii akafungua mdomo.

Madam akapiga meza. "Tuum!" akasema. "Hilo ni tuum! Kaburi. Endelea."

Emu-Bii, mtu wa sheria tangu utoto, akauliza, "Madam, na bii je?"

Madam akamtazama. "Bii imezikwa," akasema. "Kaa chini."

Chini ya turubai watu walicheka mpaka kina mama wa jikoni wakachungulia. Nami nilicheka, mdomo wangu ulicheka, niliusikia.

"Sasa nijibuni," akasema Emu-Bii. "Mtu asiyejua angeitoa bii tu, akasema 'tomu'. Yeye alisema 'tuum'. Hiyo uu aliitoa wapi? Alikuwa nayo mfukoni! Alijua yote."

"Alijua neno moja," akasema Dabliu-Aa. "Adabu ilimlazimisha kulitafuta. Usiku wa kuamkia siku ile aliangalia kamusi kwa sababu aliona wewe unakuja na uchafu wako."

"Uchafu wangu? Ukoo nilipewa na yeye!"

"Mtu anaweza kujua shimo moja barabarani bila kujua barabara. Wewe ni dereva, hujui hilo?"

"Mimi naendesha viongozi, sikutani na mashimo."

"Ndiyo maana hujui."

Waligeuka kunitazama, kama wanavyofanya siku zote, maana mimi nilikuwa jirani yake. "Kei-Eni, wewe unasemaje?" Nikasema mimi nimefiwa. Wakasema kweli, pole.

Ndipo Madam akaingia, wote wakasimama kama darasani, Emu-Bii akavua miwani. Aliwapita. Alikuja akakaa kwenye mkeka kando yangu, akavuta ungo wa mchele, akaanza kuchambua. Hakuniambia pole. Baada ya muda akauliza, "Umelia?"

"Sijalia, Madam. Sisikii kitu."

Akaendelea kutoa mawe. "Kuna neno la ukoo wa Emu-Bii," akasema. "N, U, M, B. Maana yake ganzi. Nambu. Sema."

"Madam, tupo msibani."

"Sema."

"Nambu."

"Bii sijaisikia."

"Nambu!" nikasema, na kina mama wawili wakageuka.

"Haya," akasema. "Ipo. Kuna watu watakwambia haipo kwa sababu hawaisikii. Ipo." Akanisogezea upande wa pili wa ungo, tukachambua pamoja. Ganzi haikuondoka. Lakini nilikuwa na cha kufanya na mikono, na neno la kufanya na mdomo, na siku hiyo hicho ndicho nilichopata kutoka kwa mtu yeyote.

Miaka ikapita kama inavyopita Nzuguni, kwa nyumba mpya. Barabara ya mzee ikawekwa lami, na yeye hakuiona. Binti yangu akaanza shule ya Kiingereza, zile za basi la njano, akarudi nyumbani na maneno yaliyopigwa pasi. Mimi namwambia, "Niletee kinaifu," yeye ananiambia, "Mama, ni naifu," kwa huruma, kama anamsaidia mgonjwa kuvuka barabara. Sikumbishia. Nilikuwa nimeshajua K ile ilikonifikisha.

Lakini siku moja Madam alikuja kuchukua sweta la mjukuu wa dada yake, akamkuta binti yangu uani anakula embe. "Unalikata kwa kitu gani hilo?" akamuuliza kwa utani. "Kinaifu kiko wapi?"

Mtoto akameza kwanza, ana adabu. "Bibi," akasema, "K haisemwi."

Mashine yangu ilisimama. Sikuisimamisha mimi, mkono ulisimama.

"Nani kasema?" akauliza Madam.

"Ticha."

"Ticha wako alikwenda kwa K akamwuliza?"

Mtoto akafikiri. "Hapana, bibi."

"Basi msalimie ticha. Mwambie K anamsalimia." Akachukua sweta lake, akalinusa kama anavyonusa kila kitu, akasema mshono wa kwapa ni mzuri. Lakini hapo getini alisimama kidogo, mgongo kwetu, na nikaona midomo yake pembeni inatikisika, kama mtu anayejaribu kitu mdomoni kabla hajakimeza. Kisha akaenda.

Mwezi haukuisha, akatangaza anarudi kwao Kolo, kuishi na dada yake. Alisema mifupa imechoka na vumbi la Dodoma. Kiti cha mzee alikifunga juu ya mizigo. Beseni lililoshonwa alinipa mimi. Bado linavuja kwa mpangilio ule ule.

Niliendelea kufuma. Nilijiambia swali limeondoka naye, na kwamba mtu anaweza kuishi bila jibu, watu wanaishi bila figo. Lakini kila nikimsikia binti yangu akisoma kwa sauti, "ai nou, ai nou", nilikuwa narudi kwenye kile chumba cha usaili, nimesimama na viatu vya mama. Nikaona, kama alijua, nataka anitazame akiniambia. Na kama hakujua, nataka nijue ili nimsamehe yule mwanamke aliyeweka uso kwenye faili.

Nilipotangaza nasafiri, majirani waliuliza nani amekufa. Nikachukua basi la asubuhi hadi Kondoa, na la pili hadi Kolo, na sweta mfukoni, rangi ya damu ya mzee, rangi ya shule yetu, maana uzi wa rangi nyingine ulikuwa umeisha. Njiani nilijizoeza swali langu. Sheria ya Madam darasani ilikuwa kwamba swali la Kiingereza linaulizwa kwa Kiingereza, vinginevyo kaa nalo. Na hapo ndipo nilipogundua mtego. Kumwuliza mtu "ulijua?" kwa Kiingereza, neno lenyewe lina K. Nikiisema, nitakuwa nimeshachukua upande wake kabla hajajibu. Nikiiacha, nitakuwa nimemtukana mwalimu wangu nyumbani kwao. Nilifika Kolo sijaamua.

Nyumba yao iko pembeni mwa barabara, na magari ya watalii wanaokwenda kuona michoro ya miambani yanapita hapo hapo. Nilipiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Nani?" Sauti ile ile, imekonda kidogo.

"Kei-Eni, Madam. Shikamoo."

"Marahaba! Mbukwa, mama, mbukwa! Umetoka nyumbani? Leo punda ameota pembe!"

Alikuwa ameketi uani na sinia la viazi vitamu, anamenya. Amekuwa mdogo. Kiti cha mzee kilikuwa kando yake, kitupu, kimegeuzwa kutazama barabara. Nikakisalimia kwa kichwa, yeye akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho, wala hatukulizungumza. Nikampa sweta. Akalinusa, akalivaa juu ya gauni, jua likiwaka.

Tuliongea habari za mtaa. Nilimwambia nani amejenga, nani amehama, lami imefika wapi. Gari la watalii likapita, wazungu wawili wakapunga mkono, naye akawapungia kwa kiazi. "Wanakwenda kuona michoro," akasema. "Mimi sijawahi kwenda. Watu wale hawakuandika hata herufi. Nitasalimia nini?"

Nikaona nisipouliza sasa nitarudi na swali langu. Nikafungua mdomo. Nilisema niamue, na mdomo, kama siku ile ya ndoo, ukajiendea wenyewe.

"Madam," nikasema, "did you kinou?"

Kisu kikasimama. Hakuuliza nazungumzia nini. Alitazama kiazi, akatazama barabara, kisha akanitazama mimi, na lile jicho lilikuwa la darasani kabisa, jicho la "bii imezikwa".

"Nou," akasema.

Lilitoka laini, zuri, kama la redioni, kama la binti yangu. Hakukuwa na K hata ya dawa. Nilisubiri, nikidhani jibu ni hilo, hapana, hakujua. Halafu nikasikia nilichosikia. Kwa Kiingereza, "hapana" na "najua", ukiiondoa K, masikioni ni neno moja. Na mtu asiyejua angeiondoaje?

"Madam," nikasema, "hiyo ni ya hapana, au ni ya kujua?"

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona Madam akicheka mpaka meno ya nyuma, na hayakuwa mengi. Alicheka mpaka sweta likampanda begani, akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo wa viazi.

"Umeiona tabu yake?" akasema. "Umeiona sasa?"

Nikamwambia, "Walinicheka, Madam." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwambia.

"Wapi?"

"Mjini. Kwenye kazi. Zamani."

Hakucheka tena. Akachagua kiazi kikubwa kwenye sinia, akanisogezea. "Ila walikusikia," akasema. "Kuna kinaifu kingine hapo nyuma yako. Viazi havijimenyi."

Nikageuka, nikakichukua. Kilikuwa butu. Nikamenya.